Naomba ushauri: nyanya zinanyauka zikiwa za kijani, na kitunguu saumu hakijasaidia

Habari za leo wakulima wenzangu. Nina robo eka ya nyanya Kayenze, karibu na ziwa, na namwagilia kwa pampu. Tangu zianze kutoa maua, mche unalala mchana ukiwa kijani kabisa, jioni unainuka kidogo, na baada ya siku chache umekwisha. Nimeshang'oa 40 na kitu.

Nilikata shina moja nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka. Kwa hiyo ni mnyauko wa bakteria, hilo silibishi tena.

Nimepulizia kitunguu saumu mara tatu. Nilijua allisini yake, ile kemikali inayoua vijidudu, hutokea kikishapondwa, nikatwanga na kupulizia papo hapo. Harufu shamba zima (majirani wamenicheka sana), lakini miche bado inaanguka. Nahisi dawa inabaki juu ya majani wakati bakteria wako ndani ya shina, wametokea kwenye udongo.

Jirani ananiambia niyeyushe aspirini, eti mimea yenyewe hutengeneza asidi ya salisiliki, jamii moja na aspirini, kujihami. Kuhusu mimea ni kweli, ila kwa ugonjwa huu sina uhakika.

Maswali yangu mawili. Kuna aliyepulizia aspirini kwenye miche mizima akaona tofauti kwa mnyauko huu? Na aliyepandikiza nyanya juu ya shina la ngogwe (nyanya chungu), ilistahimili udongo wenye ugonjwa, na mbegu ya ngogwe ilikuwa ipi?