Naomba ushauri: PhD ya balagha na mawasiliano baina ya tamaduni, uprofesa nitaufikia kweli?

Mama_Malimbe
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 34, mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Mwanza. Nataka PhD ya balagha (yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno) na mawasiliano baina ya tamaduni. Bosi wangu kacheka: "Yaani ukasomee kusalimiana?" Mume naye anasema bora uhusiano wa umma, kuna hela. Nisonge au niachane nayo?

Kamanga_Feri
Dada, bila PhD hutoki kwenye usaidizi. Ukiipata unakuwa mhadhiri, halafu mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa kamili, na kila ngazi inadai machapisho. Jiandae kwa miaka kumi na kitu. Ukiwaza kwenda Marekani, huko somo lako liko idara za mawasiliano au za Kiingereza. Wengi husoma huku wakifundisha wa mwaka wa kwanza, chuo kinawafutia ada na kuwapa posho. Usilipe mfukoni.

Dagaa_Mkavu
Huyo bosi hajamsoma Edward T. Hall, yule mwanaanthropolojia wa Marekani? Miaka ya 1950 alikuwa anawanoa wanadiplomasia wa Marekani kuhusu umbali wa kusimama, kuchelewa, kunyamaza. Kusalimiana ndiko huko huko!

Mimi nina digrii ya mawasiliano, nauza dagaa Mwaloni Kirumba (msicheke). Juzi mnunuzi kutoka Kongo kafika, kashika gunia, kataja bei kabla ya salamu. Mama jirani yangu hakumtazama hata, akaendelea kuchambua dagaa wake. Jamaa akapandisha elfu mbili, akidhani tatizo ni hela. Mama kimya. Angesema "mwangaluka" tu, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, angepunguziwa. PhD yako hiyo hapo.

Kamanga_Feri
Umenena. Na balagha isiishie kwa Aristotle. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo uone vikundi hasimu vya Bagika na Bagalu wanavyogombea watazamaji. Manju akitupa fumbo moja, umati wa upande wa pili unamhamia. Pendekezo la utafiti la namna hiyo litasomwa, kuliko la kumi kuhusu mitandao ya kijamii.

Mama_Malimbe
Jamani, mmenitoa usingizini. Dagaa_Mkavu, Jumamosi nije na kinasa sauti?

Dagaa_Mkavu
Njoo saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajapakia. Kinasa sauti kikae mkobani kwanza, mama atadhani umetumwa na watu wa ushuru.