Kwanini askari mwenye bunduki abebe rungu kwenda kuvamia handaki usiku?

mwana_wa_nyangao
Habari zenu wakuu. Mimi nipo Nyangao huku Lindi, shamba letu la mikorosho liko upande wa Mahiwa na katikati yake kuna mtaro umejifukia nusu, wazee tangu zamani wanauita handaki la Mjerumani. Sasa juzi mdogo wangu yuko form three kanionyesha picha kwenye simu, ya vita vya kwanza vya dunia kule Ufaransa, rungu kabisa la mti lina misumari kichwani, na maelezo yanasema askari wa Uingereza walikuwa wanabeba hayo wakienda usiku kuvamia mahandaki ya Wajerumani. Nimeshindwa kumjibu dogo. Mtu una bunduki, rungu la nini? Halafu eti wanaingia, wanakaa robo saa au nusu saa, wanarudi kwao na handaki wanaliacha, sasa faida iko wapi? Na je hapa kwetu 1917 walipigana hivyo hivyo? Naomba kueleweshwa.

kombania_B
Mkuu umeuliza swali zuri sana, mimi ni mstaafu wa jeshi nipo Mtwara mjini, nijibu hilo la rungu kwanza.

Handaki ni jembamba, watu wawili wakipishana wanagusana mabega. Bunduki ya Mwingereza ya wakati ule ukiifunga singe inafika mita moja na nusu hivi, humo ndani utaigeuzaje? Na ukifyatua risasi moja tu umeamsha mstari mzima, zinarushwa fataki za kumulika, panakuwa mchana, na nyie mko wazi mbele ya seng'enge. Ndio maana rungu, kisu, bastola, na mabomu ya mkono kwa ajili ya kutupia kwenye mashimo wanamolala watu. Nyuso wanapaka masizi. Na kabla ya kutoka kila mtu anavua beji za kikosi, anaacha barua na karatasi zake zote, maana akifa kule adui asijue katoka kikosi gani.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Hawakuwa wanafuata handaki, walikuwa wanafuata mtu. Mateka mmoja anayepumua anakwambia mbele yako kuna kikosi gani, kimekuja lini, na kama kuna shambulio linaandaliwa. Mfano unaosifiwa ni wa Wakanada, waliokuwa upande wa Mwingereza, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Novemba 1915 kule Ubelgiji karibu na Messines. Walijifunza kwanza nyuma ya mstari siku kadhaa, kila mmoja anajua kazi yake, huyu wa kukata waya huyu wa mabomu huyu wa kufunga mateka. Makundi yalikuwa mawili, moja likakwama kwenye waya, la pili likaingia likatoka na mateka 12, na wao walipoteza mtu mmoja tu.

Ila usije ukamwambia dogo kwamba ilikuwa rahisi. Tarehe 1 Machi 1917 Wakanada haohao walipeleka watu kama 1,700 pale Vimy, Ufaransa, alfajiri, wakitegemea gesi ya sumu iwatangulie. Upepo ukawageuka. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea ni 687. Mimi nimewahi kulala kwenye handaki la mazoezi tu, tena nchi ina amani, na kila jani likitikisika unashika silaha, kwa hiyo hao vijana nawaonea huruma wa pande zote mbili.

mwera_halisi
Niongezee la Mahiwa. Hapo haikuwa kuvizia usiku na rungu, vita kubwa ya tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 ilikuwa watu kutumwa mbele kwa mbele kwenye mahandaki ya makamanda wa Mjerumani, Wahle na Lettow-Vorbeck, na Jenerali Beves wa Waingereza aliendelea kuwatuma tu. Katika watu wake 4,900 hivi waliouawa, kujeruhiwa au kupotea ni kama 2,700. Mjerumani alikuwa na kama 1,500 akapoteza 500 na kitu, na hakuwa na wa kuziba nafasi wala risasi za kutosha, ndio akarudi nyuma mpaka akavuka Ruvuma tarehe 25 Novemba. Kule Ufaransa mistari ilikaa palepale miaka, una muda wa kumchunguza jirani yako kila usiku, huku kwetu handaki linachimbwa leo wiki ijayo watu hawapo. Na tusisahau waliolala pale wengi ni Waafrika, askari wa Mjerumani, KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza), na Wanaijeria wa upande huohuo wa Mwingereza waliozingirwa wakiwa wamejichimbia.

binti_masasi
Na wapagazi jamani, mbona hawatajwi. Babu yake mama yangu alibebeshwa mizigo ya Waingereza, alichosimulia nyumbani ni usiku tu, kwamba walikatazwa kuwasha moto hata wa kuchemsha unga, wakautafuna mbichi na maji, na mwenye kikohozi aliziba mdomo na nguo. Hakuwahi kusimulia alimbebea nani wala wapi. Kila akisikia mtu anakohoa gizani alikuwa anashtuka mpaka anakufa.

mwana_wa_nyangao
Dada pole sana, na asante, hiyo ya kikohozi imeniingia. Mzee shikamoo, nimekuelewa, walifuata mtu. Sasa nitajuaje kama ule mtaro wetu ni handaki kweli?

kombania_B
Marahaba mwanangu. Fuata mtaro wenyewe. Maji ya mvua yanachimba kufuata mteremko, handaki linakata mteremko na linakwenda kwa kona kona, hatua chache linapinda tena linapinda, ili bomu likidondoka kipande kimoja lisiue wote. Halafu pima upana. Ila usichimbe, ukikuta chuma cha zamani usikiguse, kaa mbali toa taarifa.

mwana_wa_nyangao
Kona zipo mzee. Tatu nazikumbuka toka utotoni tulikuwa tunajificha humo tukicheza. Jumamosi naenda na dogo na kamba ya kupimia.