Re: Ile barua ya "siku 14"

Ndugu zangu, habari za jioni.

Tangu asubuhi simu haijatulia. Rehema wa vitenge kule Eastleigh ameanza kuuza mzigo kwa hasara, eti kuna barua ya serikali ya Kenya inayozunguka WhatsApp, inasema Watanzania tumepewa siku 14 tuondoke Kenya. Hofu yake naielewa. Julai 2025 serikali yetu ilipowazuia wageni kufanya biashara 15, zikiwemo saluni na uwakala wa pesa kwa simu, nani hapa hakuwaza kwamba Wakenya watalipiza? Aliyetunga barua anajua tunaogopa nini.

Hebu ikuzeni kwenye simu muisome. Nembo ni ya Kenya kabisa, simba wawili na jogoo mwenye shoka, lakini nembo mtoto wa shule anainakili. Shukeni aya ya pili: tukajiandikishe "kwa Afisa Mtendaji wa Kata ya Kilimani". Mtendaji wa kata, Nairobi hii? Hapa kuna chifu! Huyo mtendaji ni wa kwetu, wa Sinza na Mbagala. Tena barua nzima ni Kiswahili, wakati mimi barua zote za uhamiaji nilizowahi kupokea hapa ni za Kiingereza. Sidhani kama huyu mwandishi amewahi hata kuvuka Namanga.

Baraka, South B

---

Asante kaka Baraka. Na ile picha ya foleni ya mpakani inayosambazwa pamoja na barua mmeitazama? Kila mtu ana barakoa! Nimeitafuta kwa Google Lens, ikaniletea habari za Mei 2020, malori yalipokwama Namanga kwa ajili ya vipimo vya korona. Mtu kaiokota tu akabandika maneno mapya. Halafu mkiona vile vishale viwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, umeshapita mikono mingi sana, msiusambaze. Mwenye shaka awaulize Africa Check, wale wanaohakiki habari, wana ofisi hapahapa Nairobi.

Mama Neema

---

Shikamoo Mama Neema. Kaka Baraka, ungeandika mapema kidogo tu. Nimeshatoa doti 20 kwa bei ya kutupa, na aliyenunua nyingi ni jirani yangu wa kibandani, ambaye barua hiyohiyo alinisomea yeye kwa sauti. Simlaumu, naye aliletewa. Ila kesho nitamuuliza kama anarudisha hata tano.

Rehema

---

Marahaba mwanangu. Muulize, lakini nenda na chai.

Mama Neema