Java inasema 2147483647 si namba tasa, kosa liko wapi?

Mzidisho: Wakuu, naomba msaada. Kitanzi changu (loop) cha Java kinakagua kama n ni tasa kwa kujaribu kuigawa kwa i: kinaanza na i = 3, kinaongeza 2 kila mzunguko, na kinaendelea mradi i*i <= n. Zote ni int (namba kamili za biti 32). Nikiweka 1000003 jibu ni sahihi. Nikiweka 2147483647 kinachelewa, kisha kinasema inagawanyika. Lakini mwanahisabati Euler alishathibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa!

Baki_Sifuri: Euler yuko sahihi. Namba hiyo ni 2^31 − 1, ndiyo kikomo cha int, kwa hiyo hakuna int inayoweza kuizidi na sharti lako halivunjiki kamwe. 46340 kwa 46340 ni 2147395600, bado inaenea. 46341 kwa 46341 ni 2147488281, haienei tena. Java inakupa −2147479015, na kitanzi kinasonga mbele. Mwishowe i inafika 2147483647 yenyewe, n inagawanywa kwa n, baki sifuri. Ndiyo maana inachelewa kwanza halafu inakosea. Andika i <= n / i, au ifanye i iwe long (namba kamili za biti 64).

Witiri: Na usipoteze muda kwa kila namba witiri. Tuseme q ni tasa na inagawanya 2^31 − 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, lazima 31 igawanye q − 1; q ni witiri, basi q = 62k + 1, k ikiwa namba kamili. Tena 2^32 huacha baki 2 ikigawanywa kwa q, yaani 2 ni mraba wa 2^16 kwa hesabu ya baki, na hilo huruhusu q zenye baki 1 au 7 tu kwa 8. Ukiunganisha masharti hayo mawili zinabaki sura mbili: 248k + 1 na 248k + 63. Chini ya 46341 (usihesabu 1 yenyewe) ziko 373, na hapo hujatupa zisizo tasa kama 63. Kwa kalamu na karatasi, hiyo ni kazi inayofanyika.

Mzidisho: Asanteni sana. Je, 2^61 − 1?

Baki_Sifuri: Hapo achana na kugawa, tumia kipimo cha Lucas na Lehmer. Anza na 4. Kila hatua zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ya kugawa kwa 2^p − 1. Kwa kipeo p (tasa, witiri) fanya hatua p − 2. Ikiisha kwa sifuri, 2^p − 1 ni tasa. Jaribu 127, p = 7: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Hatua tano.

Kwa 61 ni hatua 59 tu, ila mraba unafika biti 122 na long itakufanyia yaleyale ya int. Tumia BigInteger, aina ya Java ya namba kamili kubwa kuliko long.

Witiri: Usidhani p ikiwa tasa inatosha. 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Angalia: zote mbili ni 22k + 1.