Mjadala: Je, fasihi ya darasani inamsaidia kijana kuijua maana ya maisha?

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Katika kikao cha wazazi kilichofanyika hapa Tukuyu, mzazi mmoja, mkulima wa parachichi ninayemheshimu sana, alisimama akasema kwamba halipi ada ili mwanawe akakariri visa vya watu ambao hawakuwahi kuwapo, na kwamba maana ya maisha mtoto huipata kanisani, nyumbani na shambani. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, ingawa nusu ya hoja yake naikubali.

Ninachokikubali ni kwamba fasihi, jinsi inavyofundishwa katika shule zetu nyingi, haimpi mtoto kitu cha kuishi nacho. Anafundishwa kuchambua fani na maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, na ile iitwayo falsafa ya mwandishi, ambayo mwalimu huiandika ubaoni kwa sentensi moja inayoanza na "mwandishi anaamini kuwa", watoto wakainakili, wakaikariri, wakaenda kuimwaga kwenye mtihani wa taifa bila kukifungua kitabu chenyewe hata siku moja. Aliyemaliza kidato cha nne kwa njia hiyo akisema fasihi haikumwambia lolote kuhusu maisha, anasema kweli, kwa sababu fasihi yenyewe hajaisoma.

Nilipokuwa kidato cha sita, mwalimu wetu wa Kiswahili alituletea nakala yake mwenyewe ya Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Jalada lilikuwa limeshabanduka, akaifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nasi tukapokezana bwenini kwa zamu za siku mbili mbili. Mhusika mkuu, Kazimoto, ni msomi wa chuo kikuu anayeitafuta maana ya kuishi, asiione, na mwishowe anajiua. Siku ya kuijadili mvua ilikuwa ikipiga bati, nanyi mnaijua mvua ya Rungwe mwezi wa nne, hata ikabidi tusogeze madawati karibu na ubao ili tusikizane. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa amemzika mama yake likizo iliyotangulia na ambaye tangu arudi shuleni alikuwa hazungumzi na mtu, akauliza: "Mwalimu, Kazimoto angempata mtu mmoja tu wa kumweleza haya yote, angekufa?" Mwalimu aliweka chaki chini. Hakumjibu; alimwuliza yeye mwenyewe anaonaje, na kijana yule alizungumza mpaka kengele ikalia, kwanza habari za Kazimoto, kisha habari za mama yake.

Mzazi mwenzangu ataniambia kwamba hayo angeyasema kanisani. Mimi ni muumini, na jibu ninalopewa kanisani nimelishika kwa mikono miwili, lakini kijana wa miaka kumi na minane huhitaji kwanza mahali pa kulitoa swali lake bila kuonekana amekengeuka, na ni rahisi zaidi kulitoa kupitia kinywa cha mhusika wa kitabuni kuliko kulisema kama lake. Kazimoto alimsitiri mwenzetu mpaka alipokuwa tayari kujisemea.

Liko na suala la lugha, ambalo naona hatulitilii maanani. Masomo mengi ya sekondari kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayehangaika kutafuta neno la kuitikia swali la baiolojia hawezi kwa neno hilohilo kuuliza kwa nini watu wema wanateseka. Kipindi cha Kiswahili ni mojawapo ya nafasi chache alizonazo za kufikiri kwa sauti katika lugha anayoimudu. Tukikigeuza nacho kuwa cha kunakili hoja tano za dhamira, tutakuwa tumemfungia mlango uliokuwa wazi.

Kwa hiyo sidai kwamba fasihi inagawa maana ya maisha kama daftari. Ninachodai ni kwamba kitabu kikisomwa chote, na swali la mwanafunzi likaachwa lichukue muda wake, kijana huanza kuyatazama maisha yake kama jambo linalostahili kufikiriwa.

Sasa nawageukia walimu, hasa mliosomea ualimu pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa. Darasa likiwa na wanafunzi sitini na nakala nne za kitabu, na muhula ukiwa na mada zote zile za sarufi na uandishi, mnawezaje kukisoma kitabu kimoja hadi ukurasa wa mwisho? Mwalimu wetu alikuwa akisoma sura moja kwa sauti kila Ijumaa jioni, nje ya ratiba, bila malipo yoyote. Yupo anayefanya hivyo leo, na mkuu wake wa shule anamruhusu?