Mjadala: Je, tuondoe nafasi ya mkimbiaji wa pili kwa kuwa wakimbiaji wa timu za NFL wanapokezana zamu?

Ndugu wana-ligi, pamoja nanyi nyote mnaofuatilia fantasi ya futiboli ya Marekani (mchezo wa kuunda timu ya kufikirika ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani),

Kabla ya drafti ya msimu ujao, yaani siku ya kuchagua wachezaji kwa zamu, tumeletewa pendekezo kwamba ligi yetu ya watu 12 iache kumtaka kila mmoja apange wakimbiaji wawili kila wiki. Ibaki nafasi moja ya mkimbiaji, na ile ya pili apewe mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi. Mwenzetu aliyelileta anasema kwamba siku hizi timu nyingi za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, zina wakimbiaji wawili au hata watatu wanaogawana kazi, na kwa hiyo kumpanga mkimbiaji wa pili kumekuwa kubahatisha, wala si ujuzi tena. Amelieleza jambo hilo kwa heshima, nami ninalipinga kwa heshima ileile, ingawa ninalipinga moja kwa moja.

Kwa wale waliotujia kutoka fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, mkimbiaji ni yule anayekabidhiwa mpira na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, ili akimbie nao kuwapenya mabeki, na mara nyingine hutoka pembeni akarushiwa pasi fupi. Katika ligi yetu kila yadi 10 ni pointi 1, kila tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6, na kila pasi aliyoidaka ni pointi 1. Ninaomba hesabu hii ya mwisho ikumbukwe, kwa maana nitairudia.

Kwanza, si kweli kwamba kupokezana zamu ni ugonjwa wa miaka hii. Miami Dolphins wa 1972, timu ambayo haikufungwa hata mchezo mmoja tangu mwanzo wa msimu hadi fainali ya Super Bowl, walikuwa na Larry Csonka, mtu wa mwili mkubwa aliyepita katikati kwa nguvu, na Mercury Morris, mwepesi wa kukimbilia pembeni. Csonka alipata yadi 1,117 na Morris 1,000, na haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwamba wenza wawili wa timu moja wafikie yadi elfu katika msimu mmoja. Csonka ndiye aliyekuwa na yadi nyingi zaidi, lakini tachidauni nyingi zilikuwa za Morris, 12 kwa 6. Mtu aliyehesabu yadi peke yake angekosea kuhusu nani kati yao ana faida zaidi, na kosa hilohilo ndilo tunaloliendeleza hadi leo.

Wala makocha hawagawi kazi kwa kutusumbua sisi. Mwaka 2006 Larry Johnson wa Kansas City alikabidhiwa mpira mara 416, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia tena, na msimu uliofuata ulikatizwa na kuvunjika mguu. Siwezi kudai kwamba jambo moja lilizaa jingine, kwa kuwa mguu huvunjika hata kwa mtu aliyepumzika, lakini ninaelewa kwa nini kocha mwenye michezo 17 mbele yake, kama ilivyo tangu 2021, anaogopa kumbebesha mtu mmoja mzigo wote.

Sasa nije kwenye machungu yenyewe, maana nayajua. Tarehe 24 Septemba 2023 Miami waliwafunga Denver 70 kwa 20. Hapa Minnesota ilikuwa mchana, na wenzetu wa Nairobi walikuwa wamemaliza chakula cha usiku na kukaa na simu zao. Mimi nilikuwa na De'Von Achane, kijana wa msimu wa kwanza, naye nilimwacha kwenye benchi, ambako pointi hazihesabiwi, kwa sababu mkubwa wake katika zamu, Raheem Mostert, ndiye aliyekuwa akianza. Mostert akafunga tachidauni nne. Achane naye akafunga nne, akakimbia yadi 203, na kwa hesabu ya ligi yetu akapata pointi 51.3 zilizolala palepale kwenye benchi langu, huku nikishindwa wiki ile kwa tofauti ndogo kuliko tachidauni mbili. Kila mara simu ilipotetemeka nilijua ni yeye tena. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba ninatetea mfumo ambao haujaniumiza.

Lakini tuutazame mchezo ule upya. Mostert, ambaye kwa mujibu wa hoja tuliyoletewa alipaswa kuharibiwa na kuwapo kwa Achane, alipata pointi 45.2 siku ileile, na akaumaliza msimu na tachidauni 21. Mwenza wake hakumnyang'anya kitu. Timu ilikuwa ikisogea uwanjani kwa kasi kiasi kwamba chakula kiliwatosha wote wawili. Kosa langu lilikuwa kuuliza nani anaanza, badala ya kuuliza timu hii hulifikia eneo la mwisho mara ngapi na nani huwa uwanjani inapofika huko.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Detroit Lions, nao ndio unaonifanya niamini kwamba pendekezo hili linatibu pasipouma. Mwaka 2023 walimleta David Montgomery kutoka Chicago, kisha wakamchagua Jahmyr Gibbs katika nafasi ya 12 ya drafti ya NFL yenyewe, ambako timu huchagua vijana wapya. Msimu huo Montgomery alifunga tachidauni 13 za kukimbia na Gibbs 10. Waliokuwa na Gibbs mnaikumbuka picha ile: kijana anachomoka, anawaacha mabeki, anaangushwa karibu kabisa na mstari wa eneo la mwisho, kisha anatoka kwenda kuvuta pumzi, na Montgomery anaingia kumalizia yadi zilizobaki. Inauma, sikatai. Hata hivyo ni jambo linalosomeka kabla ya siku ya mchezo, kwa sababu kazi iligawanywa kwa aina yake. Mwenye mwili mzito alipewa sehemu finyu, mwenye kasi akapewa uwanda na pasi.

Mwaka 2024 Gibbs alikabidhiwa mpira mara 250 na Montgomery mara 185 katika michezo 14 aliyocheza. Huo ni mgawanyo halisi, si wa jina tu. Gibbs alikimbia yadi 1,412, akadaka pasi 52, akafunga tachidauni 20, na kwa hesabu yetu ya pointi kwa kila pasi aliwapita wakimbiaji wote wa NFL nzima, akiwamo Saquon Barkley, aliyevuka yadi 2,000 akiwa kiongozi asiye na mpinzani katika kikosi cha Philadelphia. Montgomery naye, aliyeitwa nusu mkimbiaji, alikuwa akileta takriban pointi 15 kwa mchezo. Ni wapokeaji wangapi wa tatu, ambao sasa tunataka kuwapa nafasi yake, wanaofika hapo?

Najua jibu litakalokuja, na ni la haki. Montgomery aliumia goti katika wiki ya 15, na Gibbs akabaki peke yake wiki tatu za mwisho, ikiwamo ile ya 18 alipowafungia Minnesota Vikings tachidauni nne, siku ambayo sisi tunaoishi huku tuliimaliza kwa ukimya mkubwa. Jumla yake ya msimu kweli ilipandishwa na wiki ile, ilhali ligi nyingi za fantasi, na yetu mojawapo, huisha wiki ya 17. Ninalikubali hilo. Ila likiondolewa, bado Gibbs anabaki miongoni mwa wakimbiaji wa juu kabisa, na aliyapata mengi ya hayo Montgomery akiwa mzima ubavuni mwake.

Mahali ambapo mwenzetu ana hoja ni kwa makocha wasiotabirika. Tarehe 16 Novemba 2014 Jonas Gray wa New England alikimbia yadi 201 na kufunga tachidauni nne dhidi ya Indianapolis. Kabla wiki haijaisha alilala akapitiliza, akachelewa mazoezini, na Jumapili iliyofuata kocha Bill Belichick hakumwingiza uwanjani kabisa. LeGarrette Blount, aliyesajiliwa wiki ileile, ndiye aliyefunga mbili. Aliyekuwa amekimbilia kumchukua Gray kutoka kwa wachezaji huru, wale wasioshikwa na yeyote katika ligi ya fantasi, alipata sifuri. Timu za namna hiyo zipo, na dawa yake ni kuziepuka siku ya drafti. Hatuwezi kuandika kanuni ya ligi nzima kwa ajili ya kocha mmoja.

Tufikirie pia kitakachotokea tukilipitisha. Watu 12 wenye nafasi mbili wanahitaji wakimbiaji 24 kila wiki, na timu za NFL ni 32, nyingi zikiwa zinagawa kazi, hivyo lazima baadhi yetu tupange watu wa zamu, na hapo ndipo anayesoma mchezo kwa makini humpita asiyesoma. Tukibakiza nafasi moja, wakimbiaji 12 watatosha, nao wote watakwisha mapema kwenye drafti. Baada ya hapo mtu kama Montgomery hatakuwa na kazi katika ligi yetu, na anayevuta nambari mbaya ya zamu ya kuchagua siku ile hatakuwa na pa kujikombolea.

Ninachopendekeza badala yake ni kuongeza nafasi moja kwenye benchi, ili anayetaka aweze kuwashika wote wawili wa timu moja, yaani yule wa pasi na yule wa mstari, na mmoja akiumia asikimbizane na wenzake usiku wa manane. Kasoro yake ni kwamba wachezaji huru watapungua kwa 12, na anayechelewa kuamka atakuta rafu zimeachwa tupu. Kwangu hiyo ni gharama inayobebeka.

Kwa wanaounga mkono pendekezo la awali nina swali moja, nami ningeomba lijibiwe kwa majina ya wachezaji na si kwa hisia: kati ya wakimbiaji wa zamu waliowaangusha msimu uliopita, ni wangapi ambao mgawanyo wao wa kazi haukuwa umeonekana tayari kufikia wiki ya nne?