Tupeane uzoefu: mliopigwa na mgonjwa au jamaa wa mgonjwa mkiwa zamu

MamaZamu
Assalaam alaykum. Leo asubuhi nimepita sokoni Darajani kununua samaki. Nimesimama mezani nachagua changu, muuzaji akanitazama, akacheka: "Dakta, huyu chukua kwa elfu sita, wewe wetu." Nikalipa nikaondoka. Nimefika kwenye daladala za Fuoni ndipo mkono ukaanza kunitetemeka. Yule ndiye aliyenitia kofi wodini mwaka 2019. Yeye hilo halikumbuki. Anakumbuka kuwa nilimhudumia mamaake.

Kisa chenyewe kifupi. Zamu ya usiku, manesi wawili kwa wagonjwa thalathini na ushei. Dripu ya mamaake imekwisha, damu imeanza kurudi kwenye mpira. Mie niko kitanda cha mwisho namsafisha bibi mwengine. Akaja, akanishika bega, akanigeuza, pa! Hereni ikaruka, nikaja kuiona asubuhi chini ya kitanda namba tisa. Nikanawa mikono nikenda kumbadilishia mamaake dripu, ningefanyaje?

Basi kofi lenyewe nshalisahau. Sijasahau suali la kwanza la inchaji, mkubwa wa wodi, asubuhi: "Kwani wewe ulimwambiaje?"

Haya, na nyie semeni. Wa spitali, wa vituo vya shamba, wa nyumba za wazee, wanaolea wazee majumbani. Majina ya spitali tusiyataje, tunajuana.

Kibarua_Wete
"Ulimwambiaje." Ah! Hilo suali nami nnalo.

NesiMstaafu
Nimeingia kazini 1984. Nimepigwa mara mbili, zote wodi ya maradhi ya akili, na wala sikuzihisabu kuwa ni kupigwa, maana mgonjwa hajui alitendalo. Tukiingia watatu, hatuingii mmoja. Hakuna hereni za kuning'inia, hakuna mkufu, mtandio unauchomeka ndani ya nguo ya kazi usije ukashikwa nao. Na mlango uwe nyuma yako wewe, si nyuma ya mgonjwa. Lakini kupigwa na mtu mzima mwenye akili zake timamu, zamani hakukuwa. Siku hizi jamaa anasimama mbele ya nesi dakika kumi, nesi macho kwenye simu. Watu nao wanakasirika.

MamaZamu
Bi Mkubwa, heshima yako iko pale pale, lakini mie mkononi sikuwa na simu. Nilikuwa na beseni.

MtotoWaNgambo
Shikamoo bibi. Zamani mlikuwa hampigwi, au mlikuwa hamsemi?

NesiMstaafu
Marahaba. Usinitilie maneno mdomoni, mwanangu.

JirekebisheniKwanza
Na sisi tunaolaza wazee wetu tuseme au baraza hili ni lenu peke yenu? Mke wangu yuko leba anaita, anaambiwa "mbona wakati ule hukupiga kelele?" Hayo si matusi? Mtu ukimlea kwa ulimi kama huo utegemee nini.

Kibarua_Wete
Aliyesema hivyo kakosa na anastahiki kushitakiwa kwa mkubwa wake. Wewe ulishitaki?

JirekebisheniKwanza
Nishitaki wapi, kwa metroni ambaye ni shoga yake?

Kibarua_Wete
Basi na sisi tunaambiwa hivyo hivyo tukipigwa. Karibu ndani, kiti kipo.

BintiWaKazi
Mimi si nesi, sikusoma. Nnamlea bibi mmoja mjini, nalala huko huko, Ijumaa ndio natoka. Bibi kasahau kila kitu, mimi ananiona mwizi. Kila nikimkogesha ananing'ata. Hapa mkononi nina alama tatu, moja ilifanya usaha. Nikamwonesha mwanawe, akanambia, "Bibi hana akili, wewe unazo, mvumilie." Nikasema sawa. Lakini kuna mkwe wa pale, huyo akili anazo zote, na mimi jikoni siingii akiwa ndani. Hilo sijamwambia mtu.

MamaZamu
Mdogo wangu, niandikie pembeni leo hii. Na ng'ato la mtu si mchezo, lioshe kwa maji mengi na sabuni, uende kituo chochote kilicho karibu.

UstadhMcheshi
Bibi umvishe soksi mkononi na wewe uvae sweta. Kwa mkwe, vaa ndala ngumu.

NesiMstaafu
Usimkogeshe asubuhi, mkogeshe alasiri akisha kula. Mwanzie miguuni, kichwa mwisho. Maji ya kichwani yakianza ghafla huyo anaona anazamishwa. Na umkatie kucha.

MsimuWaMpeta
Nyie mmenikumbusha nisichotaka. Nimekaa na hichi kitu, hata mume wangu nimemwambia nusu yake tu.

Mimi niko Pemba, kituo cha shamba. Msimu wa karafuu mnaujua, vijana wanapanda mikarafuu alfajiri na umande, matawi yanateleza, na mkarafuu tawi lake halikwambii, linakatika tu. Wiki haipiti bila ya kuletewa mtu. Siku hiyo ilikuwa baada ya magharibi, umeme hakuna. Mie na mhudumu mmoja. Mlinzi ni mzee wa miaka sitini na kitu, ana tochi na fimbo ya kufukuzia mbuzi. Ndani nina mama wa leba, mimba ya pili, njia imeshafunguka sentimita nane.

Ikaja gari ya ng'ombe, hapana, ilikuwa pikapu, gari ya ng'ombe ni kisa chengine. Watu kama ishirini juu yake. Wamembeba kijana juu ya mlango, mlango wa mbao na bawaba zake. Nikamgusa tu nikajua. Nikampima shingoni, nikammulika macho, nikamsikiliza kifua, nikarudia tena, kwa sababu babaake mdogo amenisimamia ananambia "mpime tena." Mara ya tatu nikasema inna lillahi.

Kimya kidogo. Halafu mmoja nyuma akasema, "Bado ana moto huyu! Huyu kauliwa hapa!" Jamani.

MtotoWaNgambo
Kisha?

UstadhMcheshi
Dada usituache na mlango wa mbao hewani.

Kibarua_Wete
???

MwanasheriaMtaani
Wakati tunamsubiri, niseme la faida. Hapo mwajiri ana wajibu kisheria. OSHA, sheria ya usalama na afya kazini ya 2003, inamtaka afanye tathmini ya hatari, na ukiumia kazini unakwenda WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ulipwe.

KaratasiZaKazi
Yakhe, hizo za Bara. WCF huku hana ofisi wala kiti. Zanzibar mambo ya kazi si ya Muungano, tuna zetu: Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini namba 8 ya 2005. Fidia ina sheria yake ya 1986 iliyokuja kurekebishwa. Ukienda na karatasi ya Bara unarudishwa mlangoni, kisha unasema huku hakuna haki.

MwanasheriaMtaani
Kanuni ni ile ile, mwajiri ahakikishe pahala pa kazi ni salama.

KaratasiZaKazi
Kanuni ile ile, dirisha jengine. Na MamaZamu, mwaka huo huo wa 2019 uliotiwa kofi, Shirika la Kazi Duniani, ILO, walipitisha Geneva Mkataba namba 190 wa ukatili na udhalilishaji kazini. Pendekezo lake namba 206 linataja wafanyakazi walio hatarini zaidi: wa usiku, wanaofanya kazi peke yao, wa afya, wa huduma za jamii, wa kazi za ndani. Yaani limetutaja sote tuliomo humu, na BintiWaKazi yumo. Limesema pia wazi kuwa anayekudhuru anaweza kuwa mteja au mgonjwa, si lazima bosi. Shirika la Afya Duniani, WHO, nao wanasema wahudumu wa afya kati ya asilimia 8 na 38 hupigwa wakati fulani katika maisha yao ya kazi.

JirekebisheniKwanza
Geneva hawajawahi kulala wodi zetu.

MsimuWaMpeta
Samahanini, nilikuwa namsalisha mtoto.

Basi jiwe la kwanza likapiga dirisha la chumba cha sindano. Mhudumu akanivuta mkono, tukaingia leba, tukafunga komeo, tukasukuma kabati la dawa mlangoni. Huko nje wanapiga mlango, mie simu naiuma kwa meno inimulikie, na mtoto ndio anatoka. Yule mama hakupiga ukelele hata mmoja. Alichonambia: "Dakta, waambie wanyamaze." Mtoto wa kike. Alipolia na huko nje wakanyamaza. Sijui walisikia au polisi ndio walikuwa wameshafika.

MtotoWaNgambo
Mmh. Hii imekaa kifilamu.

Kibarua_Wete
Kama hujawahi kufanya kazi kituo cha shamba kaa kimya wewe. Mie kabati nimesukuma mara mbili.

MsimuWaMpeta
Usiamini, sikulazimishi. Siku ya tatu akaja sheha na wazee wanne na yule baba mdogo. Kaja na sahani ya halua na mkungu wa ndizi, analia. Na mimi nikalia, kijana wake kafa. Mkubwa wangu wa kazi akanambia samehe yaishe, hawa ndio watu wa hapa, kesho utapita kwao. Nikasamehe. Lakini nilipomwambia basi nipatie mlinzi wa pili na taa ya sola, akanambia ataliandika. Dirisha lilizibwa kwa boksi la glavu. Mvua za masika mbili zimepita, boksi tumebadilisha sisi wenyewe.

MamaZamu
Subhanallah. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ulichukua?

MsimuWaMpeta
Nilikatwa na kioo hapa chini ya kiwiko. Nikenda polisi nikapewa fomu, na fomu inataka ijazwe kituo cha afya. Kituo cha afya ndio mimi. Nikaiweka kwenye mtoto wa meza, ipo mpaka leo.

UstadhMcheshi
Hapo sina cha kuchekesha.

KaratasiZaKazi
Ungepanda Chake Chake mjini ukajaziwa na daktari mwengine. Na ombi la mlinzi wa pili usiliseme kwa mdomo, liandike, nakala mbili, moja wakugongee muhuri na tarehe ubaki nayo. Na kila tukio liingie kwenye kitabu cha ripoti, hata matusi.

Kibarua_Wete
Mie nilikiandika kitabuni. Nikahamishwa kisiwa cha pili ndani ya mwezi. Kila mtu apime mwenyewe.

NesiMstaafu
Andika. Mimi sikuandika zangu mbili na ndio maana leo mnaniuliza kama zilikuwapo. Ile ya pili haikuwa mgonjwa, alikuwa kakaake. Haya, nimesema.

MtotoWaNgambo
Bibi, niwie radhi.

BintiWaKazi
Nimemwanzia miguuni leo alasiri. Hajaning'ata.

Kibarua_Wete
MamaZamu, na yule changu umemfanyaje?

MamaZamu
Nimempaka nazi, watoto wamekula. Mie nimekula wali na mbaazi.

UstadhMcheshi
Elfu sita, changu wa ukubwa gani? Meza ya ngapi ukiingilia upande wa kuku?